Siwatu na Ubeti wa Arobaini

Mwanamke mmoja alikuwa na kinu cha mninga, michi mitatu na wanafunzi watatu. Jina lake Bi Mwanjaa. Aliishi katika kijiji cha bondeni ambako watu walilima mpunga, na kazi yake, ukiacha jembe, ilikuwa kuwafundisha wanawake kutunga beti. Hakuwa na ubao wala chaki. Alifundisha uani kwake asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani ya mgomba.

Nawaambia habari za siku zile, kabla mashine ya kukoboa haijafika. Siku hizi mtu hupeleka gunia mashineni akarudi na mchele kabla chai yake haijapoa, na mikono ya kina mama imepata kupumzika. Jambo hilo ni jema, wala silisemi kwa ubaya. Lakini waliokulia kule wanakumbuka. Wanakumbuka kuamshwa na mlio wa michi, nyumba hii ikianza na nyumba ile ikijibu, hata mtoto akajua akiwa bado kitandani kwamba kwa shangazi wamefika wageni, kwa sababu leo michi ni mitatu na jana ilikuwa miwili. Wanakumbuka harufu ya mpunga mpya, na pumba zilizonata kwenye jasho la shingo ya mama.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Mtoto alipotimiza siku arobaini alitolewa nje kwa mara ya kwanza. Siku hiyo wanawake walitwanga mpunga wa karamu, na mama wa mtoto, au bibi yake mzaa mama, alitoa ubeti mmoja alioutunga mwenyewe. Watwangaji waliupokea, wakautwangia, wakaurudia na kuurudia mpaka mpunga wote kinuni uwe mchele. Ubeti uliofika mwisho wa kinu ulikuwa wa mtoto yule maisha yake yote. Aliitwa nao kula jioni. Alibembelezwa nao akiwa na homa. Aliimbiwa siku ya harusi yake, na siku yake ya mwisho mtu mmoja aliyempenda aliusema taratibu sikioni mwake. Lakini ubeti ukiwashinda watwangaji, michi ikagongana, ulihesabiwa kuwa umeanguka, na ulioanguka haukuokotwa. Arobaini haiji mara mbili. Mtoto aliyekosa ubeti siku hiyo alikua na jina lake tupu.

Siwatu, mdogo wa wanafunzi wale watatu, alikuwa na jina lake tupu. Mama yake alifariki siku ya kumi na moja baada ya kumzaa, na bibi yake mzaa mama alikuwa ametangulia zamani. Alilelewa na shangazi yake, mwanamke mwema ambaye hakumnyima chakula wala nguo, ila hakujua kutunga. Jioni watoto wenzake waliitwa mmoja mmoja kwa beti zao, na yeye alibaki kiwanjani mpaka akaona hakuna tena wa kucheza naye. Hapo alijipangusa vumbi, akaenda zake. Sasa alikuwa mke wa mtu, na mimba yake ilikuwa ya miezi minne. Alikuja kwa Bi Mwanjaa na kuku kwapani, akasema anataka kujua kutunga kabla mtoto hajafika, maana hana mama wa kumtungia. Bi Mwanjaa alimpokea yeye, akamrudishia kuku wake. Alimwambia amfuge, kwani mwenye kunyonyesha anahitaji mchuzi.

Wenzake wawili alikuwa akiwajua tangu utotoni. Zaituni alikuwa amesoma hadi darasa la saba na alijua majina yote: vina, mizani, takriri, tashibihi, tashihisi. Aliyataja kama mtu anayezihesabu bangili zake. Wa pili, jina lake Mgeni, alikuwa mwanamke wa jembe, mwenye sauti kubwa na moyo mweupe, na maneno ya kuzungukazunguka yalimchosha. Alikuja kujifunza, alisema, kwa sababu mume wake alimwambia hataweza.

Mwezi wa kwanza Bi Mwanjaa hakuwapa neno hata moja. Aliwapa michi. Waliambiwa watwange wawili wawili, huyu akiinua yule akishusha, na wasikilize. Baada ya siku nyingi za mabega kuuma wakagundua kwamba mkono una pumzi yake: mapigo manane kwenda, manane kurudi, kisha unaomba nafasi. Bi Mwanjaa akawaambia hiyo ndiyo mizani. Mstari uliozidi pumzi humwangukia mwenzako kabla hajawa tayari.

Mwezi wa pili aliwafundisha kugonga ukingo. Mtwangaji hodari, kabla ya kumwachia mwenzake zamu, huugonga ukingo wa kinu kwa mchi wake, ko, pigo moja jepesi. Pigo lile halivunji punje hata moja. Lakini anayengoja hulisikia, akajua zamu yake imefika, akaingia bila hofu. Alisema kina ni hilo pigo. Mwezi wa tatu aliwaamuru watwange kwa pigo moja tu, kisha wainame watazame. Maganda yalikuwa palepale. Punje haivuliwi ganda kwa pigo moja, wala moyo wa mtu haufunguki kwa kusemeshwa mara moja. Ndiyo maana mtunzi hurudia. Kisha siku moja aliwafunga macho kwa kitambaa, akawatia mikononi konzi ya mchele wa mbegu ngeni ambayo hawajawahi kuiona, akawauliza ni kitu gani. Hawakujua. Akawatia katika mkono wa pili mchele wao wa kila siku. Wote watatu wakacheka, wakajua mara moja. Tashibihi ni mkono wa pili. Anayekusikiliza hakuwapo ulipoona ulichokiona, basi mpe kitu alichowahi kukishika.

Hayo yote waliyashika. Lakini kila mmoja aliyashika kwa mkono wake mwenyewe, na Bi Mwanjaa alilijua hilo, akanyamaza mpaka siku ya kuwajaribu.

Siku hiyo mimba ya Siwatu ilikuwa ya miezi minane. Bi Mwanjaa alijaza kinu mara tatu, kila mmoja na mpunga wake, akataka kila mmoja alete ubeti wa mtoto alioutunga, wenzake wautwangie. Zaituni akaanza. Alikuwa amejifunga kanga mpya kwa ajili ya jambo hilo, na sauti yake ilikuwa nzuri kweli.

Nyota ya nyota nyotani, nuru nurisha nurani.

Kila neno alilipigia ukingo. Ko, ko, ko, mchi ukaruka mikononi mwake, ukazunguka, ukagonga kulia na kushoto, hata majirani wakachungulia juu ya ua na kupiga vigelegele. Mgeni, aliyekuwa akitwanga naye, alikuwa anatoka jasho kwa kutafuta pa kuingilia.

"Mwenzangu," akasema akihema, "na mtoto mwenyewe yuko wapi humo?"

"Ndiye nyota!" akajibu Zaituni.

"Basi nijulishe akishuka."

Walipochoka, Bi Mwanjaa aliinuka, akachota kinuni, akapepeta katika ungo mbele yao. Zilikuwa chuya tupu, punje zilizovaa maganda yake kama zilivyoingia. Hakumkemea. Alisema tu, "Mchi umeimba, mwanangu. Tuonyeshe mchele." Zaituni akatazama chini, na kanga yake mpya ikaonekana mpya kupita kiasi.

Zamu ya Mgeni ilipofika alisimama kama mtu anayetoa ushahidi barazani. "Mtoto ni wa kike. Amezaliwa Jumanne. Mvua ilinyesha. Baba yake alikuwa shambani."

"Shoga," Zaituni akasema, furaha yake imemrudia, "hiyo kadi ya kliniki!"

"Kuna uongo gani hapo?"

"Hakuna uongo. Hakuna pa kushika."

Ikawa hivyo. Mgeni hakugonga ukingo, kwa sababu aliona ni maringo. Hakurudia, kwa sababu alikwisha kusema. Alitwanga kwa nguvu zake zote, na Siwatu aliyekuwa upande wa pili hakujua pa kuingilia wala pa kutokea. Michi ikagongana hewani. Mchi wa Siwatu ukamponyoka, ukampiga kidole gumba, na kinu kikayumba, mpunga ukamwagika, kuku wakaja wote. Uliobaki ndani ulikuwa chenga, umepondeka vipande vipande. Mgeni hakutazama mpunga. Alikitia kidole cha mwenzake kinywani mwake kama mama anavyofanya, kisha akachana upindo wa kanga yake, akakifunga. Aliomba radhi mara nne, yeye asiyerudia neno.

Siwatu akaja wa mwisho. Wote walikuwa wakimwogopea, maana wenzake walikuwa wakijaribu na yeye alikuwa na siku zinazohesabika. Alitoa ubeti wake kwa sauti ndogo.

Mwanangu lulu ya pwani, dhahabu ya kifuani.

Ulikuwa na mizani. Ulikuwa na vina. Michi ilikwenda vizuri, zamu kwa zamu, na mpunga ukatoka mchele safi. Siwatu akainua uso, akitumaini. Ndipo Bi Mwanjaa akamgeukia Zaituni, akamwambia aurudie ubeti aliousikia sasa hivi. Zaituni akafungua kinywa, akakifunga. Mgeni naye hakuukumbuka. Walikuwa wameutwangia kinu kizima, mmoja akiwaza dagaa aliowaacha juani na mwingine akiwaza ada ya mtoto wa dada yake, na ubeti ulikuwa umewapita kama upepo unavyopita juu ya bati.

"Siwatu," Bi Mwanjaa akauliza, "lulu uliishika lini?"

Siwatu hakuwahi kuishika. Hakuwahi kuiona pwani. Alisema maneno yale ameyaokota katika beti za wenzake, alizozisikia zikiwaita wao jioni, na ameyaunga kama mtu anavyounga vitambaa. Alisema hana pa kuchota. Mwenye mama huchota kwa mama, na yeye kisima chake kilifukiwa siku ya kumi na moja. Alilisema hilo bila kulia, akikitazama kidole chake kilichofungwa, na kwa sababu hakulia ikawa vigumu zaidi kumtazama.

Aliyesema kwanza alikuwa Mgeni, na sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka mpaka ikawa ya mtu mwingine. Akasema kwamba mama yake, marehemu, alipomwita jioni kwa ubeti wake, alikuwa akiuimba mara mbili. Mara ya kwanza Mgeni alikuwa anakimbia, anaingia, ananawa. Na akiwa ameshakaa mkekani, mkono umeshaingia katika sahani, mama yake alikuwa bado amesimama mlangoni, anauimba tena wote tangu mwanzo, taratibu, kuelekea kiwanja ambacho sasa kimebaki na mtu mmoja. Kisha husubiri mpaka mtu huyo ajipanguse vumbi na kushika njia ya kwao. Ndipo hufunga mlango. Mgeni alimwuliza siku moja kwa nini anarudia na yeye Mgeni yumo ndani. Mama yake alimjibu, "Ya kwanza ni yako. Ya pili ni ya yule."

Siwatu alikuwa akiusikia ubeti ule wa pili jioni zote za utoto wake. Aliuona kuwa ni wa Mgeni, na kwamba Mgeni ana bahati ya kuitwa mara mbili. Sasa akaketi chini penye pumba, na tumbo lake lote, akaweka mkono mdomoni. Mgeni naye akaketi kando yake. Na Zaituni, aliyeijua takriri kwa jina tangu darasa la sita, akasogea akaketi upande wa pili. Bi Mwanjaa aliokota ungo, akaenda kuzipepeta zile chenga ili zisipotee, kwa kuwa uji wa chenga ni mzuri kwa mja mzito.

Siwatu alijifungua salama, mtoto wa kike, wakampa jina la bibi yake, Mwanahamisi. Yule kuku akachinjwa. Kwa siku zile za kukaa ndani wenzake walipokezana: Mgeni alileta kuni na maji, Zaituni alifua nepi na kuzianika kwa mpangilio mzuri, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, maana hata kwenye kamba alipenda vina. Bi Mwanjaa alikuja kila Ijumaa. Hakuuliza habari za ubeti. Alimbeba mtoto, akamwimbia vitu visivyo na maneno, akaondoka.

Ijumaa ya nne Siwatu mwenyewe akamwambia amepata mistari miwili, akaisema. Bi Mwanjaa akaipigia kidole kwenye ubao wa kitanda. Walipofika mahali panaposema "mvuke una joto lake," kidole kilibaki juu, kina pigo moja la ziada, hakina pa kulitua. Siwatu akacheka, akasema pigo hilo ni kama mtu wa tatu katika kitanda cha wawili. Akafikiri. Mvuke ukatoka, wali ukaingia, na kidole kikatua. Hivyo ndivyo alivyofundishwa hadi mwisho: kila neno liliulizwa kama litamsaidia anayelipokea au litamwelemea. Aliwahi kuweka nyota, akaitoa. Aliwahi kuweka ua, akalitoa. Alibakiza vitu ambavyo mikono yake ilivijua. Siku ya thelathini na nane ubeti ulikuwa huu:

Mwanangu njoo nyumbani, jua limekwenda zake,
Nimetua chungu chini, wali una joto lake,
Na aliyeko njiani, mwambie mlango wake,
Ninarudia jamani, asibaki peke yake.

Bi Mwanjaa aliusikiliza akiwa amefumba macho. Hakuusifu. Aliinuka, akamwekea Siwatu mkono kichwani kama anavyowekewa mtoto, kisha akaenda nyumbani kukiosha kinu.

Siku ya arobaini wanawake walijaa uani mpaka kwenye njia. Wenye kukumbuka wanasema mawingu yalikuwa mepesi na mpunga ulikuwa mkavu vizuri. Kinu kiliwekwa katikati. Zaituni alishika mchi mmoja na Mgeni mchi mwingine, kwa sababu waliomba wao. Mlango ukafunguliwa, Siwatu akatoka na mtoto kifuani, wote wawili wakikunja macho kwa mwanga. Vigelegele vikapigwa, kisha vikakoma, maana ulikuwa wakati wake.

Akatoa mstari wa kwanza. Mchi wa Mgeni ukashuka, Mgeni akagonga ukingo, ko, mchi wa Zaituni ukaingia. Akatoa wa pili, na wanawake wakaanza kutikisa vichwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwapo asiyeijua harufu ya chungu kilichotuliwa chini. Akatoa wa tatu. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akasema, "Ee!" peke yake, kwa sauti. Akaanza wa nne.

Ninarudia jamani, asibaki

Hapo sauti yake ikakatika. Yalibaki maneno mawili, na hayakutoka. Labda aliona kiwanja kile. Labda ni mtoto aliyejinyoosha kifuani mwake. Alisimama mdomo wazi, na machozi ambayo hakuyatoa siku ya kujaribiwa yakaja yote kwa pamoja. Na michi ilikuwa tayari juu. Watwangaji hawawezi kusimama hewani. Pasipo sauti ya kuwaongoza, mmoja hushuka mapema na mwingine huchelewa, nayo hugongana. Watu wazima waliokuwapo walijua. Mama mmoja akafumba macho asione.

Zaituni hakufikiri, hapakuwa na wakati wa kufikiri. Mkono wake ulikuwa umefanya pambo lile mara elfu bila sababu. Mchi wake ukashuka kwenye ukingo: ko. Mgeni, ambaye siku ya kujaribiwa aliliona pigo hilo kuwa ni maringo, akagonga ukingo upande wake: ko. Zaituni tena: ko. Mgeni tena: ko. Mapigo manne, mepesi, mahali pa silabi nne zilizokosekana. Mstari ukajaa. Pumzi ikatimia. Na katika pigo lililofuata, mchi wa kwanza ukaingia kinuni kwa zamu yake kana kwamba hapakutokea kitu, na wanawake wote uani wakaupokea ubeti tangu mwanzo.

Waliuimba hadi mpunga ukawa mchele. Walipofika kila mara mahali pale, waliacha kusema, na michi ikagonga mara nne. Hakuna aliyewaagiza. Siwatu aliisikia mara ya pili, na ya tatu, na ya nne, kisha sauti ikamrudia akaimba nao, na yeye mwenyewe alipofika pale akanyamaza, akawaachia. Bi Mwanjaa alipepeta. Mchele ulikuwa mweupe, mzima, bila chuya na bila chenga. Ubeti ulikuwa wa mtoto.

Ubeti huo bado uko. Mwanahamisi amekuwa mtu mzima, naye aliitwa nao jioni zote za utoto wake, na aliyeuimba mlangoni aligonga kizingiti kwa vidole mara nne. Wajukuu wa kijiji kile, ambao hawajawahi kukiona kinu kikifanya kazi, wanagonga meza. Wengi hawajui kwamba palikuwa na maneno mahali pale. Maneno "peke yake" hayakutamkwa siku ile, na tangu siku ile hakuna aliyewahi kuyatia humo. Zaituni, aliyejua majina yote, alitafuta jina la fani ile katika daftari lake la shule, ukurasa kwa ukurasa, akalikosa.

Basi ninyi mnaowafundisha watoto wetu vina na mizani, takriri na tashibihi, mkawapa alama kwa kuzitaja na alama zaidi kwa kuzitumia: je, mmewaambia ni za kumpa nani?